Swali la Dirishani

Magunia kumi ya mchele, kila moja kilo mia, ni tani moja kamili. Hesabu hiyo, msikilizaji, hakuna mfanyabiashara wa Kyela asiyeijua. Kinachojulikana na wachache ni kilichopita bungeni mwaka 2017, katika bajeti aliyoisoma Dkt. Philip Mpango, Waziri wa Fedha wa wakati huo. Ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mtu anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Mchele wa Kyela unaopanda Tukuyu kwenda Mbeya lazima uvuke mpaka wa halmashauri, kwa hiyo jambo hilo linamgusa mtu wa Kyela mfukoni moja kwa moja. Sasa chukua watu wawili waliopakia magunia kumi kumi kwenye magari yanayofuatana. Mmoja analijua hilo, mwingine hajapata kulisikia. Wakifika kwenye geti la ushuru, wa kwanza atauliza kwa adabu anatozwa kwa kifungu kipi. Wa pili atauliza ni shilingi ngapi. Mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, sheria ni moja. Kilichowatenganisha ni taarifa, na taarifa hiyo ina mwenye wajibu wa kuitoa. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na sidhani kama kuna jambo muhimu zaidi kwa shughuli za muuza mchele kuliko kujua wapi anadaiwa na wapi hadaiwi.

Ndiyo maana leo nazungumzia tovuti za halmashauri, somo ambalo kwa jina lake tu linaweza kumfanya mtu atafute stesheni nyingine. Vumilia kidogo. Mwaka huo huo wa 2017, mwezi Machi, tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa Dodoma kwa mpigo mmoja. Zilitengenezwa kwa kiolezo kimoja cha Wakala ya Serikali Mtandao, kwa ushirikiano na TAMISEMI na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 iliigeuza wakala ile kuwa mamlaka kamili, yenye meno ya kusimamia mifumo yote ya serikali. Kwa halmashauri iliyo mbali na Dar es Salaam na Dodoma, hiyo ilikuwa neema. Haikulazimika tena kumtafuta kijana wa mjini aitengenezee ukurasa, kisha ahame na neno la siri mfukoni. Anuani ikawa ya serikali, yenye go.tz mwishoni, na ulinzi ukawa na mwenyewe. Suala la kujenga, kwa sehemu kubwa, lilimalizwa siku ile ya uzinduzi.

Lakini nyumba zote zilipewa vyumba vile vile. Fungua tovuti ya halmashauri yoyote utakutana na milango inayofanana: Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Madiwani, Miradi, Machapisho. Huo ni mpangilio wa ofisi inavyojitazama yenyewe, idara kwa idara, kiti kwa kiti. Hakuna mtu anayepanda bodaboda kutoka Ngonga kwenda mjini kuuliza habari za Utawala. Anakwenda kuuliza kikundi chao kinakosa nini ili kipate mkopo, au leseni ya duka la dawa za mifugo inaanzia wapi, au kwa nini jina la mtoto wake halionekani. Swali lake lina mlango mmoja. Tovuti inampa milango kumi, na juu ya milango hiyo imemwekea picha za kikao. Hoja yangu ni nyepesi kuisema ingawa si nyepesi kuitenda: tovuti ya halmashauri ijengwe kutokana na maswali yanayoulizwa dirishani, na kila jibu liwe na afisa anayelijibia na tarehe aliyolihakiki mara ya mwisho. Mengine yote, rangi, picha zinazotembea, ramani, ni mapambo ya sebuleni.

Waingereza walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Oktoba 2012 serikali yao ilizifunga tovuti mbili kubwa, Directgov na Business Link, ikaweka mahali pake moja tu, GOV.UK. Watu wa fani hii hupenda kuutaja ukurasa wao wa sikukuu za kitaifa. Unaufungua, sikukuu ijayo imeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, basi. Hakuna hotuba ya waziri, hakuna historia ya sikukuu. Mtu anaweza kusema nchi ile ni tajiri, tusijilinganishe nayo. Kwa mashine na mishahara, sawa. Ila kuweka jibu juu na maelezo chini hakuhitaji utajiri. Kunahitaji mtu aamue kwamba muulizaji ni muhimu kuliko mjibuji, na hapo ndipo ofisi nyingi, tajiri kwa maskini, zinapokwama.

Tuitazame kakao, maana Kyela bila kakao ni mazungumzo nusu. Kwa miaka sasa zao hili linauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, unapimwa, unakusanywa ghalani, unapigwa mnada, naye anasubiri malipo. Machi 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya, na mtu wa Makwale ambaye hajawahi kuiona Abidjan akajikuta ana mali mgongoni. Bei ikipanda hivyo, ujinga nao unapanda thamani. Yule anayenunua njuti, yaani mzigo mbichi au ambao bado uko mtini, kwa bei ya shida, anaishi kwa tofauti kati ya anachokijua yeye na anachokijua mwenye shamba. Mnada wa wiki hii umeishia bei gani? Kati ya bei hiyo na itakayomfikia mkulima kuna makato gani, ya nani, shilingi ngapi kwa kilo? Ushuru wa halmashauri, ambao kisheria mlipaji wake ni mnunuzi, unaonekana wapi katika hesabu hiyo? Hayo ni maswali matatu, yanajibika katika ukurasa mmoja ambao ungebadilishwa siku ya mnada na kubaki bila kuguswa hadi mnada unaofuata. Mwenye namba anajulikana, mwenye ushuru anajulikana. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyeambiwa kwamba hii ni kazi yake, na kwamba siku ya mnada ikipita bila yeye kuandika ataulizwa.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito. Mkulima huyo ana kitochi. Hana bando, na pengine mtandao wenyewe unakamatika akipanda kichuguu. Tovuti itamsaidia nini? Jibu langu ni kwamba hatutakiwi kumtarajia aisome. Maarifa katika wilaya kama hii husafiri kwa midomo ya watu wachache wanaosemea wengi: mtendaji wa kijiji, katibu wa AMCOS, mwalimu, muuguzi wa zahanati, mwenye kibanda cha miamala, na zaidi ya wote, kijana wa steshenari. Huyu wa steshenari nchi hii haijamshukuru vya kutosha. Ndiye anayewajazia watu fomu za NIDA, maombi ya mikopo ya wanafunzi na maombi ya ajira, kwa ada ndogo, kompyuta moja na printa inayokohoa. Rwanda ilipoanzisha Irembo mwaka 2015 haikuwaambia wananchi wote wanunue simu janja. Iliwatambua mawakala kila mahali, wenye mashine na mafunzo, ili asiye na simu apite kwao. Sisi mawakala tunao tayari, hawajasajiliwa tu. Mmoja wao akiwa na jibu sahihi, watu mia wanalo. Akiwa na jibu la mwaka juzi, watu mia wamepotea kwa nauli zao. Kwa hiyo uchache wa wasomaji unaongeza uzito wa kila neno lililoandikwa pale, kama kisima kimoja kinavyohitaji ulinzi mkali kuliko mto.

Na redio tumo. Mtangazaji akisoma tangazo, analisoma kutoka mahali fulani. Likitoka katika karatasi iliyopigwa picha, ikatumwa WhatsApp, ikapigwa tena picha, atasoma alichokiona, na tarehe aliyoidhania.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa ofisini wenyewe. Wanasema huduma zenyewe sasa ziko katika mifumo ya taifa: leseni na ushuru viko katika TAUSI, zabuni katika NeST, malipo yote kwa kontrol namba kupitia mfumo wa GePG, maoni na malalamiko katika e-Mrejesho, na asiye na simu janja anaweza kubonyeza *152*00#. Halmashauri imebakiwa na nini cha kuandika? Imebakiwa na kile ambacho mfumo wa taifa hauwezi kukijua. TAUSI inajua kutoa ankara. Haijui kwamba mwenye duka la Ipinda anashindwa hatua ya pili kwa sababu namba yake ya mlipakodi ina jina lililoandikwa tofauti na kitambulisho chake, wala haimwambii aanzie dirisha lipi. Mfumo wa taifa ni kama reli: inakupeleka mbali, lakini mtu lazima akuonyeshe stesheni ilipo, nauli yake, na treni inaondoka saa ngapi. Kazi hiyo ya kuelekeza ni ya wilaya. Hata pale ambapo jambo si la halmashauri kabisa, kama ratiba ya meli zinazotoka bandari za Itungi na Kiwira, au karatasi za kuvusha mzigo Kasumulu kwenda Malawi, ukurasa mwaminifu ungesema: hili si letu, mwenye nalo ni fulani, ofisi yake iko hapa. Mwananchi hana ramani ya mgawanyo wa mamlaka kichwani, wala hatuna sababu ya kumdai awe nayo.

Mfano mzuri wa pengo hilo ni mikopo ya asilimia 10. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, halmashauri zikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha ili kurekebisha utaratibu, na mwaka 2024 ikarudi na masharti mapya. Miezi yote ya katikati, na hata baada yake, swali la vikundi lilikuwa moja tu: tuendelee kusubiri au tuanze upya? Sheria ilikuwa ya nchi nzima, utaratibu ulikuwa wa TAMISEMI, lakini tarehe ya kufunguliwa dirisha, ofisa wa maendeleo ya jamii wa kata ipi anapatikana siku gani, na kiasi cha fedha kilichopo safari hii, hayo ni ya hapa hapa. Kikundi cha akina mama wa Kajunjumele hakiwezi kuyapata Dodoma.

Wengine watasema, lakini tuna makundi ya WhatsApp, tuna Instagram, habari zinafika haraka kuliko tovuti. Ni kweli, zinafika haraka na zinapotea haraka. Tangazo la Jumatatu kufikia Alhamisi limefunikwa na salamu za pole, mahubiri na picha za harusi. Aliyejiunga na kundi Ijumaa hana namna ya kulijua. Tena kundi lina mwenyewe. Akimwondoa mtu, amemwondoa katika taarifa za umma. Mitandao hiyo ni tarumbeta nzuri ya kuwaita watu, sina ugomvi nayo. Lakini tarumbeta haitunzi kumbukumbu. Ujumbe wa WhatsApp ubebe sentensi mbili na anuani ya ukurasa, ili anayeupokea wiki tatu baadaye akute kilichosahihishwa na asikute kilichokosewa.

Tuje kwenye kuitunza, maana hapa ndipo tovuti nyingi zinapofia. Desturi ni kumwachia afisa TEHAMA. Yeye ndiye anayepiga picha za ziara, anayetengeneza printa ya mhasibu, anayefuatilia mashine za POS za kukusanyia mapato zilizogoma, na jioni anaulizwa kwa nini tovuti haijabadilika. Huyo anajua mtambo. Hajui masharti ya kibali cha ujenzi, na hakuajiriwa kuyajua. Anayeyajua ni mtu wa ardhi na mipango miji, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia ukurasa ule ni wake, hajaufungua tangu ulipoandikwa. Dawa ni ya kiutawala. Kila ukurasa wa huduma uwekwe chini ya mkuu wa idara kwa cheo chake, siyo kwa jina, maana watu huhamishwa. Kila robo mwaka ahakiki na kubadili tarehe. Ukurasa uliopitisha miezi sita bila kuhakikiwa uondolewe. Ndiyo, uondolewe. Ukimya unamlazimu mtu apige simu. Jibu bovu linampandisha gari. Na ikiwa ushuru au ada imebadilishwa na Baraza la Madiwani kwa sheria ndogo, kiwango kipya kiandikwe kabla mashine za POS hazijaanza kukitoza.

Kuna mambo madogo ya ufundi ambayo nayapitia haraka, ingawa yanaudhi kupita ukubwa wake. Tangazo linaloitwa TANGAZO KWA UMMA halina jina, maana yote yanaitwa hivyo. Liitwe kwa jambo lake, ili anayetafuta kwa maneno yake ya kila siku alipate. Barua iliyoskaniwa na kupandishwa kama picha haitafutiki, haisomeki vizuri kwenye simu ndogo, na kwa asiyeona ambaye simu yake humsomea maandishi, ni ukuta mtupu. Picha nzito ya simu, ikibandikwa kama ilivyo, inamla bando msomaji kabla hajafika kwenye sentensi ya kwanza. Na orodha za majina ya wanufaika zenye namba za simu na umri zisipandishwe hovyo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na matapeli wa ile pesa itume kwenye namba hii hawahitaji zawadi nyingine kutoka serikalini.

Pingamizi la mwisho halisemwi hadharani, kwa hiyo nitalisema mimi. Wapo wanaoishi kwa ukungu. Kishoka anayeuza fomu ya bure, anayedai anamjua mkubwa, anayetaja ada kwa kumtazama mtu viatu, wote hao ukurasa wenye ada na siku za kusubiri unawanyang'anya riziki. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka hadi mwaka hoja ya makusanyo ya POS yasiyofikishwa benki. Mashine peke yake haikuleta uaminifu, wala tovuti peke yake haitaleta. Lakini mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, ukiwa na taarifa iliyochapishwa ya kiasi kilichokusanywa katika kata, swali la mzee aliyeketi nyuma linageuka kutoka lawama kuwa hesabu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka ofisa amjibu muombaji ndani ya siku 30. Halmashauri yenye busara ingeona kwamba kila kilichochapishwa mapema ni barua moja pungufu ya kujibu, na kwa ofisi yenye watumishi wachache, hiyo ndiyo hoja ya fedha iliyo bora kuliko zote.

Nimebakiza masika. Kyela ni bonde la mvua nyingi na mito: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, yote ikishuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na mwaka ambao maji hayakuingia nyumbani kwa mtu ni mwaka wa kushukuru. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa mkoa. Haiwezi kusema shule ipi imefunguliwa kupokea watu, daraja lipi halipitiki, dawa ya kutibu maji inagawiwa wapi. Hayo anayajua mtu wa zamu wa halmashauri. Yanahitaji ukurasa mmoja mwepesi, usio na picha hata moja, unaokaa mtupu kiangazi chote na kuandikwa saa kwa saa maji yakija. Mtangazaji anayeingia studio saa kumi na moja alfajiri, baada ya mvua ya usiku kucha, ana dakika chache za kujua kama barabara ya Ipinda kwenda Matema inapitika. Akikuta ukurasa umeandikwa saa kumi usiku na mwenye zamu, atausoma hewani kama ulivyo. Akikuta picha za uzinduzi wa mwezi uliopita, atampigia simu mtu anayemjua, na mtu huyo huenda bado amelala.